Nani Hayupo Barazani?

Somo juu ya kazi ya mabalozi, wanasheria na wasuluhishi wa mataifa



Katika somo hili tunapenda kujifunza pamoja juu ya kazi ambayo wengi wetu huku Ufipa huisikia redioni tu. Ni kazi ya watu wanaoketi mezani kwa niaba ya mataifa, wakizungumza juu ya vita na amani, mipaka, wakimbizi na haki za binadamu. Vijana wetu wa sekondari huuliza kazi hiyo ni kazi gani, inasomewa wapi, na kama mtoto wa Laela au wa Matai anaweza kuifikia. Wazazi nao huuliza inatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na maharage.

Jibu letu ni kwamba inatuhusu sana. Mkoa wetu umeguswa na kazi hiyo mara nyingi, nasi tutatazama mara tatu, moja baada ya nyingine. Kila mara tutauliza swali moja: ni nani aliyekuwa hayupo barazani, naye ndiye aliyetakiwa kuishi na maneno yaliyokubaliwa?

1. Mpaka uliochorwa Berlin

Mtu akitoka Sumbawanga akapita Matai na kufika Kasesya, yuko mpakani na Zambia. Ng'ambo iko Mbala, mji ambao Waingereza waliuita Abercorn. Walungu wako pande zote mbili, na Wamambwe vilevile. Lugha ni moja na ukoo ni mmoja, lakini anayekwenda kumzika shangazi yake ng'ambo anatoka nchi moja na kuingia nchi nyingine.

Mstari huo haukuchorwa na mtu wa huku. Tarehe 1 Julai 1890 wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba huko Berlin. Kwa mkataba huo Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland kilichoko Bahari ya Kaskazini, na Uingereza ikaachiwa Zanzibar iwe chini ya ulinzi wake. Pamoja na mambo hayo, mpaka wa upande wetu nao ukaandikwa: kutoka Ziwa Nyasa kuufuata mto Songwe, kisha kwa mistari ya ramani hadi mto Kalambo, na kuufuata huo mpaka unapoingia Ziwa Tanganyika. Wapimaji walikuja kuupima mwaka 1898, yaani miaka minane baada ya sahihi.

Wakati ule Ufipa ilikuwa na falme zake mbili, Nkansi na Lyangalile, zenye watawala wake na desturi zake za kuamua mashauri. Hakuna hata mtawala mmoja aliyeulizwa.

Tusidhani kwamba wale wajumbe hawakuijua kazi yao. Waliijua vizuri sana. Kila upande ulirudi nyumbani na kitu ulichokitaka, wala hawakupigana. Lakini wenye mashamba na makaburi katika nchi waliyoigawa hawakuwapo, wala hawakujua kwamba wanazungumziwa.

Je, kwa nini basi mpaka huo haukuondolewa tulipopata uhuru? Mwezi wa Julai 1964, katika mkutano wao wa Cairo, wakuu wa nchi huru za Afrika waliamua kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika uamuzi huo. Hawakusema kwamba mipaka ile ilikuwa ya haki. Waliona tu kwamba kuichora upya kungeleta vita kila mahali. Basi mstari wa 1890 ukabaki mpaka leo.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Neno likiisha kuandikwa katika mkataba, kuliondoa ni kazi kubwa kuliko kuliandika. Kwa hiyo wakati wa kuuliza nani hayupo ni kabla ya sahihi.

2. Mazungumzo ya Arusha

Sasa tutazame habari ya jirani zetu wa Burundi, maana nayo ilifika mpaka mkoani kwetu. Mwishoni mwa Aprili 1972 machafuko yalitokea Burundi, na mauaji yaliyofuata yaliwafukuza watu makumi kwa maelfu. Wengi wao walikimbilia Tanzania. Serikali yetu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, yaani UNHCR, na shirika la Kikristo la TCRS, iliwapa ardhi ya kulima na kujenga. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na ya Mishamo mwaka 1978. Yote mawili yalikuwa wilayani Mpanda, ambayo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Makazi ya tatu, Ulyankulu, yalikuwa Mkoa wa Tabora.

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa na kukua, na kwao hakujatulia. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi mwaka uleule, aliuawa, na Burundi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1996 Mwalimu Nyerere alianza kazi ya kuwasuluhisha, na kuanzia Juni 1998 mazungumzo makubwa yakafanyika Arusha.

Hapo twaweza kuona jinsi kazi hii inavyofanywa. Mpaka mwisho, pande zilizoketi zilikuwa 19: serikali, bunge na vyama vya siasa. Watu wengi hivyo hawawezi kukubaliana wote kwa pamoja ukumbini, kwa hiyo waligawanywa katika kamati tano. Ya kwanza ilichunguza asili ya ugomvi. Ya pili ilishughulikia demokrasia na utawala, nayo iliongozwa na mwanasheria wa Afrika Kusini, Nicholas Haysom. Ya tatu ilihusu amani na usalama, ya nne ujenzi mpya wa nchi na maendeleo, na ya tano dhamana za kuutimiza mkataba. Ugomvi mmoja mkubwa ulivunjwa kuwa maswali madogo yanayoweza kujibiwa. Kwa mfano, swali la jeshi lilijibiwa hivi: kwa muda, kabila moja lisizidi nusu ya askari wote.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ikiwa haijaisha. Nelson Mandela akaipokea, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa sahihi mjini Arusha.

Je, nani hakuwapo? Kwanza, makundi mawili ya wapiganaji, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL. Yalikuwa yamejitenga na vyama vilivyoalikwa, hivyo viongozi walioketi Arusha hawakuwa na amri juu ya bunduki zilizokuwa msituni. Sahihi zikatiwa, risasi zikaendelea. Kundi la kwanza lilikubali kusitisha mapigano Novemba 2003, na la pili Septemba 2006, yote mawili mjini Dar es Salaam. Tuhesabu basi miaka sita baada ya sherehe ya Arusha, na ndani ya miaka hiyo watu waliendelea kufa.

Pili, akina mama. Wanawake wa Burundi walifika Arusha tangu mwanzo, lakini kwa muda mrefu hawakupewa nafasi mezani. Julai 2000, mwezi mmoja tu kabla ya sahihi, walifanya mkutano wao, wanawake wawili kutoka kila upande katika zile pande 19, wakampelekea Mandela mapendekezo yao. Mengi yaliingizwa katika mkataba. Waliomba pia wanawake wapate asilimia 30 ya nafasi za uongozi, jambo hilo likakataliwa wakati ule. Lakini katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ililikubali kwa upande wa bunge na serikali.

Funzo la pili ni hili: asiyeitwa barazani haondoki duniani. Ama atarudi na silaha, ama atarudi na hoja, lakini atarudi. Mpatanishi mwenye busara humtafuta mapema.

Wala tusifikiri kwamba mkataba ukiisha kutiwa sahihi kazi imekwisha. Mwaka 2015 Burundi ilipatwa na machafuko tena, na wakimbizi wapya wakaja Kigoma, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Amani ni kama nyumba ya udongo, isipokandikwa kila mwaka mvua huibomoa.

3. Watu wa Katumba na Mishamo waulizwa

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi, pamoja na UNHCR, zilipatana juu ya wale waliokimbia mwaka 1972 na wazao wao. Safari hii wenyewe waliulizwa: mnataka kurudi Burundi, au kuomba uraia wa Tanzania? Walioandikishwa katika makazi yote matatu walikuwa kama 218,000. Karibu wanne katika kila watano walichagua Tanzania, na wengine wakasaidiwa kurudi. Mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia.

Jambo hilo lilikuwa kubwa, na ni haki tulitaje kwa shukrani. Ni nchi chache sana zilizowahi kuwapa uraia wakimbizi wengi namna hiyo kwa pamoja. Tena lilifuata sheria. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unakataza kumrudisha mtu kwa nguvu mahali penye hatari, na unataka kurudi kwake kuwe kwa hiari yake. Waliouandika walikuwa wanasheria na mabalozi, watu wa kazi tunayojifunza leo.

Hata hivyo lilibaki swali moja ambalo hawakuulizwa: mtaishi wapi? Mpango ulisema makazi yafungwe na raia wapya wahamishiwe mikoa mingine, na vyeti vyao wavipate huko. Sasa fikirini mtu aliyefyeka pori la Katumba akiwa kijana, akapanda miembe, akawazika wazazi wake hapo, na wajukuu wake wanasoma shule iliyo karibu. Uraia wa Burundi amekwisha kuukana, na cheti cha Tanzania hana mkononi. Wengi walikaa katika hali hiyo zaidi ya miaka minne. Mwaka 2011 kuhamishwa kulisimamishwa, na ilikuwa Oktoba 2014 ndipo vyeti vilipoanza kutolewa, na watu wakaachwa wabaki mahali walipokuwa.

Funzo la tatu linatoka hapo. Kuulizwa nusu ya jambo si kuulizwa. Mpango ulikuwa mwema, na walioupanga walitaka mema. Lakini shamba na kaburi havikuwa na mwakilishi, na kwa sababu hiyo mpango ulikwama njiani.

4. Kazi yenyewe ni nini?

Tukiweka pamoja mambo hayo matatu, twaweza kueleza kazi hii kwa hatua zake.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza kila upande peke yake, ili kujua wanataka nini, na zaidi ya hapo wanaogopa nini. Hatua ya pili ni kupatana juu ya orodha ya mambo ya kuzungumzwa. Wakati mwingine orodha tu huchukua miezi. Ya tatu ni kuandika. Maneno ambayo bado hayajakubaliwa huwekwa ndani ya mabano, na kazi ya wajumbe ni kuyaondoa mabano hayo moja baada ya jingine, hata usiku wa manane. Hapo mwanasheria anahitajika sana, maana kusema "itafanya" na kusema "itajitahidi kufanya" ni vitu viwili.

Hatua ya nne ni sahihi, na ya tano ni kuridhia, yaani nchi yenyewe kuukubali mkataba kwa utaratibu wake. Kwetu Tanzania, Katiba katika ibara ya 63 imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Kwa hiyo mbunge wetu naye ana sehemu katika kazi hii, nasi tuna haki ya kumwuliza aliridhia nini.

Hatua ya mwisho ni kuutimiza mkataba, na mara nyingine kwenda mahakamani usipotimizwa. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa Nairobi mwaka 1981 ukaanza kutumika 1986. Mahakama yake ilianzishwa kwa itifaki ya mwaka 1998, na makao yake yako Arusha. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kumruhusu mtu binafsi kupeleka shauri lake moja kwa moja kwenye Mahakama hiyo. Novemba 2019 ikatoa taarifa ya kuliondoa tamko hilo. Hapo pia msomaji ajiulize swali letu: mlango ukifungwa, ni nani anayebaki nje?

5. Njia ya kuifikia kazi hii

Vijana wasiogope kwamba kazi hii ni ya watoto wa mabalozi. Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1942, alikuwa balozi wetu Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Baadaye aliongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika kikao cha 1979, akawa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hadi 2001. Mama Gertrude Mongella, mtoto wa Ukerewe aliyekuwa mwalimu, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake huko Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Yupo pia wa kanisa letu. Jaji Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, alisoma sheria Dar es Salaam, akatumika jeshini mpaka kuwa Brigedia Jenerali, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na tangu 2007 hadi 2010 Jaji Mkuu wa Tanzania. Kisha alikwenda katika Mahakama ya Afrika tuliyoitaja, akawa Rais wake tangu 2014 hadi 2016. Baada ya kustaafu ujaji mkuu alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa Anglikana. Alifariki mwaka 2020. Mahakama ile iliposikiliza shauri la Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Tanzania, na kutoa hukumu mwaka 2013, Jaji Ramadhani hakuketi, kwa kuwa kanuni inamkataza jaji kusikiliza shauri la nchi yake. Kuna nyakati ambapo haki humtaka mtu mwenyewe awe ndiye asiyekuwapo barazani.

Masomo yanayofaa ni historia, jiografia, uraia, na hasa lugha. Kiingereza na Kifaransa vinahitajika, na Kiswahili chetu tusikidharau, maana Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Sheria husomwa katika vyuo vikuu vyetu. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, sheria ndiyo iliyofundishwa kwanza. Mambo ya mataifa husomwa pia Kurasini, Dar es Salaam, katika chuo kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, ambacho wengi wamezoea kukiita Chuo cha Diplomasia na ambacho sasa kina jina la Dkt. Salim.

6. Baraza la kijijini

Mwisho, tusingoje Arusha wala Addis Ababa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yake si kuhukumu, ni kusuluhisha. Hatua ni zilezile tulizozitaja: kusikiliza kila upande, kuligawa jambo kubwa kuwa madogo, na kuandika kwa maneno yasiyo na shaka.

Mfugaji aliyeshuka na ng'ombe zake hadi Bonde la Ziwa Rukwa akigombana na mkulima juu ya njia ya kwenda majini, baraza likiketi na mkulima peke yake litapata jibu upesi, na jibu hilo litavunjika msimu ujao. Shamba la marehemu likigawanywa na ndugu wa kiume wakati mjane yuko jikoni akiwapikia, mkataba wa 1890 umerudiwa ndani ya nyumba. Kijana anayejifunza kusimama na kusema, "Wazee wangu, naomba tumngoje mama, naye aseme," ameianza kazi hii.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika vikundi

1. Kwa nini wakuu wa Afrika waliikubali mipaka ambayo hawakuichora wao? Je, mngekuwa nanyi Cairo mwaka 1964, mngefanya nini?

2. Makundi yenye silaha yangeitwa Arusha, wako watu ambao wangesema ni kuwapa heshima wauaji. Mnawajibuje?

3. Raia wapya wa Katumba na Mishamo wangepaswa kuulizwa maswali gani mwaka 2007?

4. Katika ugomvi wa mwisho uliosuluhishwa kijijini kwenu, nani hakuwapo? Je, bado anaweza kuitwa?